Kinga ya Mwili Haiongezwi Kama Salio

Pita vituo vya daladala, ingia kwenye magrupu ya WhatsApp, angalia hata nguzo za umeme karibu na geti la chuo. Tangazo ni lile lile: dawa ya kuongeza kinga, inatibu sukari, presha, nguvu za kiume na saratani. Namba ya simu ipo chini, bei mtaelewana. Wengi wetu tunacheka na kuendelea na safari. Lakini kuna wasiocheka. Wanapiga ile namba, na miezi wanayotumia kumaliza makopo ya unga wa majani ndiyo miezi ambayo uvimbe ulikuwa bado mdogo na hospitali ingeweza kuushughulikia.

Hoja yangu kwa wanachuo wenzangu, na hasa kwa sisi tunaosoma ualimu, ni hii: maneno "kuongeza kinga" yanauzika kirahisi kwa sababu shuleni tulifundishwa kinga nusu nusu. Na nusu iliyobaki imo kwenye utafiti wa seli T na saratani, utafiti ambao hata wengi wetu tunaosoma baiolojia tunaupita haraka kwenye desa kwa kudhani ni mambo ya madaktari.

Kumbuka tulivyofundishwa. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, vijidudu ni maadui, askari wakiwa wengi unapona. Kwa mafua picha hiyo inatosha. Kwa saratani inakwama, maana seli ya saratani si mgeni aliyeruka ukuta. Ni seli yako mwenyewe, iliyoharibika vinasaba ikaanza kugawanyika bila kusikiliza amri ya kusimama. Sasa ukiongeza askari wasiojua wamtafute nani, umesaidia nini? Kazi ngumu ya kinga ni kutambua.

Watambuzi wakubwa ni seli T. Herufi T imetoka kwenye jina la thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo umuhimu wake katika kinga ulionyeshwa na Jacques Miller mwaka 1961. Thaimasi ni chuo kikali kuliko hiki chetu. Kati ya seli changa zinazoanza masomo humo, zaidi ya asilimia 90 zinadisko, na huko kudisko maana yake ni kufa. Seli isiyoweza kabisa kusoma alama za mwili inaondolewa. Inayosoma vizuri lakini ikaonekana ina hasira na mwili wenyewe nayo inaondolewa. Zinazohitimu ni zile zinazojua kusoma na zinazojua kujizuia.

Zinasoma nini? Karibu kila seli ya mwili hukatakata sehemu ya protini zake na kuviweka vipande nje, juu ya ukuta wake, kwenye vishikio vinavyoitwa HLA. Fikiria duka la nafaka sokoni. Nje kuna mabakuli ya mchele, maharage na dengu, ili mpita njia ajue kilichomo bila kuingia ndani. Seli T inapita kama mkaguzi na kupapasa bakuli moja moja. Kipande chenyewe ni kifupi mno, kwa kawaida asidi amino 8 hadi 10, na wakati mwingine badiliko la asidi amino moja tu linatosha kuishtua. Ikishtuka, inajibandika kwenye seli ile, inatoboa ukuta wake na kupitisha vimeng'enya vinavyoilazimisha ijiue. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waligundua mwaka 1974 kwamba seli T hazisomi kipande peke yake bali kipande pamoja na kishikio chake, na mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo mwanafunzi makini atanyoosha mkono: kama ukaguzi unafanyika kila siku, mbona watu wanaugua saratani? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalowaumbua wauza unga. Baadhi ya saratani huondoa mabakuli nje ya duka, mkaguzi akapita bila kuona kitu. Nyingine hukanyaga breki. Seli T imeumbwa na breki kwa sababu bila breki ingeendelea kuua hata baada ya kazi kuisha. Breki mbili zinazojulikana zaidi ni CTLA-4 na PD-1. Maabara ya Tasuku Honjo kule Kyoto iliigundua PD-1 mwaka 1992. James Allison na wenzake kule California walionyesha mwaka 1996 kwamba ukiizuia CTLA-4, uvimbe wa panya unasinyaa. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na mwaka 2018 Allison na Honjo wakagawana Nobel.

Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alitangaza mwaka 2015 kwamba melanoma imefika kwenye ini na ubongo wake. Alikuwa na miaka 90. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi na kupewa pembrolizumab, dawa inayozuia PD-1. Desemba ya mwaka ule ule akasema vipimo havioni tena saratani. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Si kila mgonjwa anapata bahati hiyo, na wengi bado dawa hizi haziwasaidii. Lakini angalia kilichofanyika: hakuna aliyemwagia mwili wake "kinga zaidi". Dawa ile iliachia breki ya seli T ambazo tayari zilikuwemo.

Na kuachia breki kuna gharama. Kwa baadhi ya wagonjwa seli T hugeuka na kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, na ndiyo maana dawa hizi hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi yao juu ya seli T ambazo shughuli yake ni kuwatuliza wenzao. Yaani mwili una kitengo kizima cha kuizuia kinga isizidi! Kwa hiyo kama ule unga wa kwenye nguzo ungekuwa kweli unaongeza kinga kiholela, tungepaswa kuuogopa.

Najua nitakachoambiwa: hizo ni hadithi za Ulaya na Marekani, sisi bumu lenyewe halitoshi kula. Ni kweli bei inatisha. Kuna tiba nyingine inayoitwa CAR-T, ambapo seli T za mgonjwa hutolewa, zikawekewa jeni ya kipokezi kipya, kisha zikarudishwa mwilini. Mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo, Emily Whitehead, alikuwa na miaka 6 mwaka 2012 na leukemia yake ilikuwa imeshindikana kwa dawa za kawaida. Alipona. Tiba hiyo ilipoidhinishwa mwaka 2017, bei yake Marekani ilitajwa kuwa dola 475,000. Hata ukichanga harusi zote za mtaa hufiki huko.

Lakini kusema seli T hazituhusu ni kusahau neno ambalo hata bibi zetu kijijini wanalijua: CD4. Zile CD4 zinazohesabiwa kliniki ni seli T, na ndizo VVU wanazoziharibu. Zilipokuwa zinapungua bila matibabu, tuliona Kaposi sarkoma ikijitokeza kwenye ngozi za watu wetu. Wagonjwa wakianza ARV na seli T zikirudi, mara nyingi madoa yale hupungua. Huo ni ushahidi kwamba seli T zinalinda dhidi ya saratani, na tumeuona kwenye familia zetu bila kuhitaji maabara ya Kyoto. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita ya asiye na VVU, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania.

Kwa hiyo ARV zinazomezwa kila siku zinalinda seli T. Uchunguzi wa mlango wa kizazi unakamata tatizo kabla halijawa saratani. Chanjo ya HPV, ambayo nchi yetu inawapa wasichana tangu mwaka 2018, inaufundisha mwili kumtambua kirusi kabla hajaingia. Haya yote yapo kwetu, tena bila kutafuta dola laki nne. Na chanjo hiyo mara nyingi hutolewa shuleni. Muuguzi akifika na kisanduku chake cha barafu, mzazi anayeogopa hamuulizi profesa. Anamuuliza mwalimu. Mwalimu huyo ni mimi na wewe, baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ndiyo maana naomba tuanze sasa. Tunapokwenda mazoezi ya kufundisha, tukifika mada ya kinga tusiishie kwenye askari na maadui. Dakika 10 za mfano wa mabakuli ya sokoni zinatosha mtoto wa kidato cha pili kuelewa kwamba kinga ni kutambua, kwamba ina breki, na kwamba saratani ni seli yetu iliyoharibika. Mtoto huyo akikutana na tangazo la nguzoni, atakuwa na swali la kumuuliza muuzaji: dawa yako inaisaidia seli T kutambua nini?

Na kwa viongozi wa chama chetu cha wanafunzi, ombi langu ni dogo. Kabla hatujatawanyika mikoani kwenda kufundisha, tukutanisheni jioni moja sisi wa ualimu na wenzetu wanaosoma udaktari na uuguzi, hata kama ni pale kwenye vimbweta. Wao watuletee nondo za kinga, saratani na chanjo, sisi tuwaonyeshe namna ya kuzieleza kwa Kiswahili ambacho mama wa mwanafunzi atakielewa akisimuliwa nyumbani.