Gauni la Bibi Harusi

Huko Kinondoni na Temeke harusi haziishi, na jambo linalowashughulisha wazazi wengi ni gauni la bibi harusi, ambalo wengi huliita shela. Desturi iliyoenea ni kulikodi dukani. Twapenda wazazi watafakari kwanza.

Mwaka 1858 Mwingereza Charles Frederick Worth alifungua nyumba ya mavazi mjini Paris, Ufaransa. Mabibi matajiri walimwendea ili washonewe mavazi kwa vipimo vyao wenyewe. Hiyo ndiyo siri ya gauni lipendezalo: mkato huufuata mwili. La kukodi lilikatwa kwa mwili wa mwingine. Ndipo binti mnene hubanwa kwa kamba mgongoni hata pumzi zikamwia nzito, na mwembamba akajazwa pini.

Basi fundi cherehani wa barazani mtaani kwenu, mwenye futi shingoni, aweza kutenda kama yule wa Paris. Akipandisha kiuno kidogo, na kitambaa kikaanguka bila kubana, binti hupendeza na papo hapo husitirika. Nako kusitiri uzuri mbele ya wasio maharimu ndiko kulikoamriwa katika Sura ya 24, Aya ya 31.

Tena gauni hilo hubaki mali yake. Laweza kupunguzwa akalivaa Idi.

Enyi wazazi, mpelekeni binti kwa fundi mapema, nanyi mwulizeni yeye mwenyewe apendalo. Wala asiambiwe ajikondeshe kwa ajili ya nguo. Nguo ndiyo imfuate yeye.