Nasaba ya Berkeley: Damu au Ardhi?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa aghalabu mtu anapohimizwa kuwajua wazazi wa wazazi wake. Haisemi, hata hivyo, asili hiyo iliandikwa na nani, iliandikwa lini, na mwandishi wake alikuwa akila kwa nani. Maswali hayo hayaepukiki kwa yeyote anayejaribu kufuatilia nasaba ya ukoo wa mamwinyi wa Uingereza katika Enzi za Kati. Ipo dhana, na imeenea hata katika kumbi za mihadhara, kwamba Wazungu walihifadhi ukweli maadamu waliandika, ilhali jamii zilizotegemea masimulizi zilihifadhi ngano tu. Ukoo wa Berkeley, wa jimbo la Gloucestershire magharibi mwa Uingereza, watosha kuitikisa dhana hiyo.

Berkeley ni mojawapo ya koo chache mno ambazo huaminika kutokana, kwa upande wa wanaume, na Mwingereza aliyekuwa na cheo kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066. Mwingereza huyo ni Eadnoth, aliyekuwa mtumishi wa ngazi ya juu katika jumba la Mfalme Edward. Baada ya uvamizi alimtumikia William Mshindi, akauawa mwaka 1068 akipigana na wana wa Harold, mfalme aliyeshindwa. Mwanawe, Harding, anatajwa katika Domesday, lile daftari kuu la ardhi la mwaka 1086, akiwa na mashamba huko Somerset. William wa Malmesbury, mwanahistoria wa karne ya 12, anamsawiri Harding kama mtu aliyezoea kupigana kwa ulimi kuliko kwa silaha. Kisha anatokea Robert Fitzharding, tajiri wa mji wa Bristol. Robert alimsaidia kwa mali kijana Henry wa Anjou alipokuwa akigombea taji, na Henry, ambaye alikuja kutawazwa mwaka 1154, akamtunukia Berkeley na ardhi zake.

Katika mnyororo huu pana pete moja iliyolegea. Kwamba Harding wa Domesday ndiye Harding aliyemzaa Robert ni jambo ambalo watafiti wengi wanalikubali kama linaloelekea kuwa kweli, basi. Ukoo wenyewe, kwa upande wake, ulitaka makubwa zaidi. Mapokeo yake yalidai kuwa Harding alikuwa mwana wa mfalme wa Denmark. Mtu anaweza kuuliza: mbona Mwingereza mwenye cheo na mashamba hakutosha kuwa babu? Jibu ni kwamba Eadnoth alikuwa mtumishi wa mfalme, na mjukuu wake alikuwa mtu wa biashara. Damu ya kifalme ya ng'ambo ilifunika yote mawili kwa pamoja.

Dai hilo la Denmark limo katika kitabu cha John Smyth (1567–1641) kuhusu maisha ya mabwana wa Berkeley, kilichopigwa chapa katika majuzuu matatu kati ya 1883 na 1885. Smyth hakuwa mzushi. Alizisoma hati za ngome ya Berkeley kwa bidii ambayo wachache wa zama zake waliifikia, na pasipo yeye mengi yangepotea. Hata hivyo, alikuwa msimamizi wa mali za ukoo huo huo, na hati nyingi alizikusanya ili zitumike katika kesi zao mahakamani. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwandishi wa nasaba yao alikuwa John Newland, mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Augustino mjini Bristol. Nyumba hiyo iliasisiwa na Robert Fitzharding mwaka 1140. Kwa hiyo, waandishi wawili wakuu wa nasaba hii ni mtawa aliyekula wakfu wa ukoo na msimamizi aliyekula mshahara wake. Mwanafunzi aliyefundishwa kumchunguza manju pamoja na mwinyi anayemwimbia ana kila sababu ya kuwachunguza wawili hawa vivyo hivyo.

Majina nayo yana habari zake. Eadnoth ni jina la Kiingereza cha kale. Robert ni jina walilokuja nalo Wanormani. "Fitz" ni neno la Kifaransa chao lenye maana ya mwana, na linafanya kazi ile ile ya "bin": Robert Fitzharding ni Robert bin Harding. Mwana wa Robert, Maurice, alikuja kujulikana kwa namna nyingine. Aliitwa Maurice wa Berkeley, yaani jina la baba liliondoka na mahali pake pakachukuliwa na jina la shamba. Na jina hilo lilikuwa na wenyewe. Kabla ya Robert, Berkeley ilishikwa na Roger wa Berkeley, ambaye alinyang'anywa. Ili kuituliza fitina, palifanywa mapatano ya ndoa mbili: Maurice akamwoa Alice, binti wa Roger, na mwana wa Roger akamwoa binti wa Robert. Vizazi vyote vilivyofuata katika ngome ile ni vya Alice sawasawa na vya Maurice, lakini mti wa nasaba humwanza Robert na kumweka Alice pembeni, kama mkwe.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nasaba ya namna hii haifuati damu, bali hufuata ardhi, na damu huitwa baadaye kuja kutoa ushahidi. Anayetaka kuielewa aanzie kwenye ugomvi. Kwa Berkeley, ugomvi mkuu ulianza mwaka 1417, Bwana Thomas alipofariki akiacha mtoto mmoja tu, binti aitwaye Elizabeth, mke wa Richard Beauchamp, mkuu wa Warwick. Kwa damu, hakuna aliyekuwa karibu na marehemu kuliko Elizabeth. Lakini babu yake Thomas alikuwa ameweka hati mwaka 1349 kuwa ngome na ardhi zake zirithiwe na wanaume kwa upande wa kiume. Kwa hati hiyo, mrithi alikuwa James, mwana wa ndugu yake marehemu. Karatasi moja ya kale ilimwondoa mtoto wa kuzaa na kumwingiza mtoto wa ndugu.

Elizabeth na vizazi vyake hawakukubali. Margaret, bintiye, aliyeolewa na mkuu wa Shrewsbury, aliuendeleza ugomvi kwa ukali. Isabel, mke wa James, alifia kifungoni katika ngome ya Gloucester mwaka 1452. Tarehe 20 Machi 1470, watu wa William, mwana wa Isabel, walipambana na watu wa Thomas Talbot, mjukuu wa Margaret, katika uwanja wa Nibley Green. Talbot, aliyekuwa kijana bado, aliuawa hapo. Inasemekana kuwa hayo ndiyo mapigano ya mwisho nchini Uingereza baina ya majeshi ya binafsi ya mamwinyi. Kesi yenyewe haikumalizika hadi mwaka 1609, miaka 192 tangu kifo cha Thomas.

Kisha likaja la ajabu. William, aliyemwaga damu ili ardhi isitoke katika ukoo, hakuwa na mtoto, na hakutaka nduguye Maurice amrithi. Aliitoa ngome kwa Mfalme Henry wa Saba na vizazi vyake vya kiume, akapandishwa cheo kuwa Marquess mwaka 1489. Maurice alilaumiwa kwa kuoa mwanamke duni, naye ni Isabel Mead, binti wa mfanyabiashara wa Bristol aliyepata kuwa meya wa mji huo. Mtu aliyeipata Berkeley hapo mwanzo, Robert Fitzharding, alikuwa tajiri wa mji huo huo! Mwana wa mfalme wa Denmark alikuwa amefanya kazi yake barabara. Ukoo ulikuwa umesahau ulikotoka. Ngome iliwarudia wazao wa Maurice na Isabel mwaka 1553 tu, Mfalme Edward wa Sita alipofariki na vizazi vya kiume vya Henry wa Saba vikakatika.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wanahistoria, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana lake humo. Kauli hiyo inakubalika ikiwa hati ni chombo kisicho na msemaji. Na itazamwe aina moja tu ya hati ambazo wafuatiliaji wa nasaba za Kiingereza huzitegemea sana. Mrithi aliyeachwa mdogo na mzazi aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme alikuwa chini ya ulezi. Alipotaka kukabidhiwa ardhi yake ilibidi athibitishe umri, miaka 21 kwa mwanamume. Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Waliitwa wanaume wa mtaa, aghalabu 12, kila mmoja akaulizwa amejuaje mwaka wa kuzaliwa wa mrithi. Mmoja hujibu kuwa siku hiyo alivunjika mguu. Mwingine kuwa alimzika mama yake. Mwingine kuwa mwanawe alizaliwa wiki ile ile. Karani akayaandika kwa Kilatini, na hivyo masimulizi ya wanakijiji yakageuka kuwa maandishi rasmi ya serikali. Watafiti waliolinganisha hati hizo wamegundua kuwa majibu yale yale hujirudia kutoka kesi moja hadi nyingine, karibu neno kwa neno. Mwanahistoria aliyeyategemea hukasirika na kuita uongo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi angetambua fomula, na angeuliza swali lenye manufaa zaidi: hadhira ilitarajia kusikia nini hata ikaridhika?

Huo ndio ujuzi unaokosekana katika nasaba nyingi zinazochorwa leo, hasa zile ambazo mtu huanza na babu mtukufu kisha akashuka kujitafuta. Anayefanya hivyo huwapata waliokuwa na ardhi tu, kwa kuwa hao ndio walioandikwa. John Smyth mwenyewe, mwaka 1608, alisimamia orodha ya wanaume wa Gloucestershire walioweza kubeba silaha. Humo mna wafumaji, washonaji, wahunzi na vibarua, kila mmoja kwa jina, kazi na makadirio ya umri wake. Jina la babu hakuandikiwa hata mmoja wao.