Ramli ya Ubingwa

Kila msimu wa ligi unapokaribia, kabla nyasi za viwanja hazijakanyagwa na kabla kipenga hakijalia, hutokea watu wenye kalamu nyepesi wakaandika orodha ya timu, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kadiri wanavyodhani kila moja ina bahati ya kutwaa ubingwa. Orodha hizo husomwa Dar es Salaam, husomwa Nachingwea na Ruangwa, na husomwa kwa imani ambayo hata mpiga ramli wa zamani hakuipata kwa wateja wake. Mpiga ramli alitaka kuku na ubani, na aliyekwenda kwake alijua amekwenda kwa nani. Mpanga orodha huja na tarakimu, na tarakimu huvaa joho la elimu. Joho hilo lafaa litazamwe pindo zake kabla halijaheshimiwa.

Ufundi huu umekomaa zaidi huko Marekani. Vyuo vikuu vya huko hushindana kwa mpira wa kikapu, na tangu 1949 waandishi wa magazeti wamekuwa wakipiga kura kuzipanga timu zao kwa ubora. Mwishoni mwa msimu timu 68 huingia katika mashindano ya mtoano, na anayeshindwa mara moja hufunga virago. Ichukuliwe sasa timu bora kuliko zote, ambayo katika kila michezo 10 hushinda 8, yeyote awaye mpinzani wake. Ili iwe bingwa, timu hiyo yapasa ishinde mara 6 mfululizo. Nane kwa kumi, ikizidishwa mara sita, haileti nane kwa kumi. Huleta kama 26 kwa 100. Hata timu ishindayo 9 katika kila 10 hupata kama 53 kwa 100 tu, yaani ubingwa wake ni wa kurusha shilingi. Basi timu iliyoandikwa ya kwanza, tena ikaandikwa kwa haki kabisa, yamkini haitakuwa bingwa. Kosa la mpanga orodha si kuiweka juu. Kosa lake ni kunyamaza baada ya kuiweka, akamwacha msomaji adhani kuwa wa kwanza katika karatasi ndiye atakayeshinda.

Mwaka 2018 Virginia ilipangwa juu ya timu zote za vyuo, ikakutana katika mchezo wa kwanza na UMBC, iliyopangwa ya 16 katika kundi lao la timu 16. Mara 135 wa kwanza na wa 16 walikuwa wamekutana katika mashindano ya wanaume, na mara 135 wa kwanza alikuwa ameshinda. Virginia ikachapwa 74 kwa 54. Mwaka uliofuata Virginia hiyo hiyo ikatwaa ubingwa. Wapanga orodha waliendelea na kazi yao kana kwamba hapana lililotukia, na hapa ndipo aibu ilipo: si katika kukosea, kwa maana kila mtu hukosea, bali katika kutohesabiwa.

Watu wa Nachingwea wana sababu yao ya kutoogopa tarakimu zilizopangwa vizuri. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield uliizunguka Tanganyika kwa majuma machache, ukaandika mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Hesabu zilikuwa nzuri mno: mavuno yalijulikana kabla ya mbegu, na faida ilijulikana kabla ya mvua. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikalazwa kutoka pwani kuja kuzipokea karanga. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kufa, na serikali ya Uingereza imepoteza kiasi cha paundi milioni 36. Reli nayo, iliyokosa mzigo uliotabiriwa, ikang'olewa katika miaka ya 1960. Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu kubwa kuliko ya mpanga orodha yeyote wa leo. Walichokosa ni kuandika kando ya kila tarakimu uzito wa shaka yake. Mkulima wa Nachingwea, aliyekuwa akilima karanga zake kwa jembe la mkono, hakuulizwa.

Na Ruangwa, wilaya jirani, imetoa ushahidi wake katika mpira wa miguu. Namungo iliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2019/20, ikicheza nyumbani katika Uwanja wa Majaliwa. Mpanga orodha afuataye kanuni ya kutazama makombe ya jana hakuwa na mahali pa kuiweka ila mkiani, kwa sababu timu hiyo haikuwa na jana katika ligi ile. Ligi ilikuwa na timu 20. Namungo ikamaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ikafika pia fainali ya Kombe la Shirikisho, na Agosti 2, 2020, mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2 kwa 1. Bao moja tu lilisimama kati ya mgeni wa ligi na kombe. Msimu uliofuata ikaiwakilisha nchi katika Afrika, na Februari 2021 ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7 kwa 5.

Mtu mwenye insafu ataeleza na yaliyofuata. Katika makundi Namungo ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza michezo yote 6. Aliyeipanga ya mwisho katika kundi lile alisema kweli. Wala si haki kuifanya Namungo hadithi ya maskini aliyeinuka kwa miujiza: timu inayotoka katika wilaya ya mtu aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025, na yenye uwanja uliopewa jina lake, haikuwa yatima kabisa. Lakini mambo hayo nayo ni sehemu ya nguvu ya timu, na mwenye kudai kuipima nguvu hana ruhusa ya kuyaacha kwa kuwa hayamo katika jedwali la msimu uliopita.

Watetezi wa orodha wana hoja moja yenye nguvu, na isiyofaa kukwepwa. Tangu 2018 hadi 2021 bingwa alikuwa Simba kila mwaka. Tangu 2022 hadi 2025 bingwa alikuwa Yanga kila mwaka. Miaka minane, majina mawili. Nani basi, wasema, aweza kukana kwamba ubingwa hutabirika? Hapana akanaye. Ligi ya michezo 30 huisaga bahati kama jiwe lisagavyo mtama. Bahati ya jioni moja hufidiwa na mikosi ya jioni nyingine, na mwenye kikosi kikubwa hubaki juu. Lakini ikiwa utabiri ni kuandika Simba na Yanga, mtoto auzaye karanga katika kituo cha mabasi cha Nachingwea aweza kuuandika bure, tena bila joho. Elimu ingeonekana katika kujua ni mwaka gani mmoja atampokonya mwenzake, na katika kupanga wale waliobaki, na huko chini orodha nyingi hupangwa kwa mazoea: mwenye jina kubwa juu, mwenye uwanja wa mbali chini. Na kabla ya miaka hiyo minane ipo miaka mingine. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa 1975. Tukuyu Stars iliutwaa 1986, katika msimu wake wa kwanza wa daraja la juu.

Kama madhara yangeishia katika ubishi wa vibarazani, haya yote yasingestahili wino. Lakini orodha hizo sasa zina mnunuzi. Kijana wa Ruangwa aliyelipwa fedha za korosho au za ufuta hufungua simu, akachagua timu kumi ambazo wapanga orodha wamemhakikishia kuwa zina nguvu, akaziunga pamoja katika kile vijana wakiitacho mkeka. Kila moja ya timu hizo, tuseme, ina nafasi 8 kwa 10 ya kushinda. Aziona zote kuwa za hakika. Nafasi ya kumi hizo kushinda pamoja haifiki 11 kwa 100. Hapana aliyemwambia, na kampuni inayompokea fedha haina haja ya kumwambia. Fedha hizo zilikuwa ziwe za salfa ya mikorosho katika msimu ujao. Mkeka ukichanika husema kwamba timu moja tu ilimwangusha, na huo nao ni udanganyifu wa orodha, kwa sababu humfanya adhani alikosea mahali pamoja, hali hesabu yenyewe ilikuwa dhidi yake tangu mwanzo.

Tena orodha husaidia kuyaumba inayoyatabiri. Mfadhili huisoma akapeleka fedha kwa walio juu. Mchezaji mzuri wa timu ya mkoani huisoma akataka kuhamia kwa walio juu. Kisha mwaka ukiisha, waliokuwa juu wakashinda, mpanga orodha husema: si nilisema?

Hapana haja ya kuzipiga orodha marufuku. Yatosha mpanga orodha aandike, mbele ya kila jina, ni kwa 100 ngapi anaamini timu hiyo itakuwa bingwa, na jumla ya majina yote iwe 100 wala isizidi. Mwenye kuipa Yanga 45 ajue ameandika 55 kwamba haitakuwa Yanga, na asiogope kulisema hilo kwa sauti. Kisha orodha ya mwaka uliopita ichapwe ubavuni mwa ile mpya, bila kufutwa neno, ili msomaji wa Nachingwea aone mwandishi alisema nini juu ya nani, na likawaje. Wanafunzi wa vyuo wapendao kuandika orodha hizi katika magazeti yao wangeweza kuanza msimu huu huu, kwa maana karatasi zao za mwaka jana bado zipo.