KONA YA HESABU: Namba Iliyopinduka



Safari hii nina kosa la kuungama. Mwaka jana nikiwa Louisville nilimsaidia mama mmoja, mkimbizi kutoka Kivu, kujaza fomu. Alinisomea namba ya faili lake, tarakimu tisa, mojamoja. Mbili nikazipindua: ya mbele ikaenda nyuma. Fomu ikarudishwa baada ya wiki tatu. "Mwanangu," akaniambia, "hizo ni wiki tatu za watoto wangu." Sikuwa na la kujibu.

Namba yake ni siri yake, kwa hiyo tutumie nyingine. Chukua misimbo ya simu ya miji mitatu: Louisville 502, Columbus 614, Buffalo 716. Yote mitatu ilitolewa mwaka 1947. Ukiiunganisha unapata 502,614,716. Isome kwa sauti: milioni mia tano na mbili, laki sita, elfu kumi na nne, mia saba kumi na sita. Mtego wa kwanza huo: "elfu kumi na nne" ni 14,000 au 10,004? Ndiyo maana yule mama alisoma mojamoja.

Namba yetu ni shufwa. Inagawanyika kwa 4, kwa sababu 16 ya mwishoni inagawanyika kwa 4. Jumla ya tarakimu zake ni 32, basi haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9.

Sasa turudie kosa langu: 614 tuiandike 641. Jumla bado ni 32! Tofauti ya namba hizo mbili ni 27,000, yaani 9 mara 3,000. Kila tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo kujumlisha tarakimu hakutafichua kosa la aina hii.

Dawa ni 11. Anzia kulia, utoe na kujumlisha kwa zamu:

6 − 1 + 7 − 4 + 1 − 6 + 2 − 0 + 5 = 10

Kwa namba iliyopinduka:

6 − 1 + 7 − 1 + 4 − 6 + 2 − 0 + 5 = 16; toa 11, inabaki 5.

Kumi si tano. Kosa limeonekana! Tarakimu jirani zikibadilishana, jibu husogea kwa mara mbili ya tofauti yao. Tarakimu zikiwa si sawa, hiyo ni shufwa kati ya 2 na 18, na humo hakuna inayogawanyika kwa 11.

Siku hizi nakokotoa baki la kadi, kisha la fomu, ndipo naikabidhi. Jicho lililokosea mara moja huweza kulisoma kosa lilelile mara ya pili. Hesabu haina mazoea hayo.

Chemsha bongo: je, tarakimu zilizobadilishana zikiwa na moja katikati yake, 11 itazinasa? Leteni majibu kabla ya toleo lijalo.