UKURASA WA MICHEZO: Mtoto akikosa mpira, tumwambie nini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya softiboli, ule mpira wa gongo ambao wasichana wetu wanacheza kila Jumanne na Alhamisi nyuma ya madarasa. Wengi wanapita pale, wanasimama, wanacheka kidogo, wanauliza "ni mchezo gani huu?" halafu wanaenda kuchota maji. Lakini kuna mama wawili watatu wametuletea swali la maana: kwa nini mtoto anacheza vizuri siku ya mazoezi, halafu siku ya mechi mikono inakuwa kama ya mtu mwingine?

Tueleze kwanza mchezo wenyewe kwa ufupi. Timu iko na wachezaji 9. Mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, mpigaji anajaribu kuupiga na gongo kisha anakimbia kwenye besi. Akipitwa na mipira mitatu mizuri ni auti. Auti tatu, timu zinabadilishana. Mechi ni zamu 7.

Sasa angalieni tofauti na futboli. Kwenye futboli ukikosa pasi, mpira unaendelea, watu 22 wanakimbia, baada ya dakika moja hakuna anayekumbuka. Softiboli inasimama. Mtoto ameangusha mpira, na kiwanja kizima kinamtazama yeye tu, na mpira mwingine bado haujarushwa. Anabaki na kichwa chake kwa sekunde kumi na tano ao ishirini. Katika hizo sekunde anajiambia maneno ambayo hata adui yake hawezi kumwambia. Ndiyo maana kosa la kwanza linazaa la pili, na la pili linazaa la tatu.

Kitu kingine ni hesabu. Watoto wetu wametoka darasani, na darasani ukipata 4 juu ya 10 umefeli, mwalimu anaweka alama nyekundu. Katika mchezo huu na ndugu yake besiboli, anayefaulu kupiga mara 3 katika 10 ni mpigaji mzuri. Ted Williams wa Boston alifikisha 406 katika 1000 mwaka 1941, na watu wanamsifu mpaka leo. Ni kusema hata yeye, karibu mara sita katika kumi, alirudi kukaa chini bila kupata pigo. Tulipoandika hesabu hiyo ubaoni, wasichana hawakuamini. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kumbe huyo naye alikuwa anakosa?" Tangu siku ile wanakuja kusimama na gongo wakiwa na uso mwingine.

Basi tunafanya nini wakati wa mechi? Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Ken Ravizza, aliyefanya kazi miaka mingi ya kufundisha wachezaji kutuliza kichwa. Mwaka 2004 timu ya besiboli ya chuo cha Cal State Fullerton ilianza vibaya sana, mechi 15 imeshinda na 16 imeshindwa. Yeye alikuwa akitumia choo kidogo cha kuchezea, kile cha kuvuta maji: mchezaji akikosa, anakuja anavuta, kosa linaenda na maji. Timu ile ilimaliza mwaka ikiwa bingwa wa vyuo vya nchi nzima. Tulipowasimulia wasichana wetu walicheka mpaka wakakaa chini, juu huku kwetu choo ni shimo, nani atavuta nini? Wakatafuta njia yao. Wameweka kopo la maziwa karibu na benchi. Aliyekosa kupiga anaokota mchanga kidogo, anautupa ndani ya kopo, basi, imekwisha. Aliye katikati ya kiwanja hawezi kukimbilia kopo, kwa hiyo yeye anatupa mchanga wake nyuma ya mgongo.

Baada ya mchanga ni pumzi. Si ile ya kuvuta kwa nguvu mpaka mabega yanapanda. Ni kutoa hewa polepole, kama unapuliza chai ya moto, mpaka tumbo linashuka. Halafu neno moja. Kila msichana alichagua lake mwenyewe. Wengi wanasema "unaokuja", yaani mpira unaokuja. Mmoja anasema jina la nyanya yake, na hatukumuuliza kwa nini.

Lakini mchanga na pumzi haviwezi kumsaidia mtoto siku ya mechi kama hakuvizoea. Kwa hiyo kwenye mazoezi sisi wenyewe tunarusha mipira mibaya kwa makusudi, ya kuruka juu ya jiwe, ili aikose na afanye ile kazi ya kujirudisha. Tunapenda sana mazoezi haya kuliko yale ya kukimbia. Mtoto anajifunza kwamba kukosa ni sehemu ya siku, kama vumbi.

Na wenzake wako na kazi yao. Tumewakataza kusema "pole, pole" kila mara, juu pole nyingi inamkumbusha. Waseme kitu cha kufanya: "Auti moja bado, ukiupata tupa besi ya kwanza!" Hapo kichwa kinapata kazi.

Wanaosema hayo ni mambo ya watoto wamtazame Yukiko Ueno, mrushaji wa Japani. Katika Olimpiki ya Beijing, tarehe 20 Agosti 2008, alirusha mechi nzima dhidi ya Marekani, Japani ikashindwa 4 kwa 1. Siku ile ile akarudi kurusha dhidi ya Australia, zamu 12, wakashinda 4 kwa 3. Kesho yake akasimama tena mbele ya Marekani wale wale, na Japani ikachukua dhahabu kwa 3 kwa 1. Mipira 413 kwa siku mbili. Mkono ulichoka, hakuna shaka. Kichwa je? Angebaki anafikiria ile mechi ya kwanza, angefika wapi?

Hata hapa Uganda tuko na mfano. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano makubwa ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani. Walishindwa mechi zao za kwanza, halafu wakaipiga timu ya Oregon 3 kwa 2.

Sasa tuje kwenu, wazazi, na mtusamehe tukisema wazi. Mwaka huu wasichana wawili waliacha kuja. Si gongo lililowaogopesha, wala mpira. Mmoja baba yake alisimama pembeni akapiga kelele, "Toka huko, unatuletea haya!" Mtoto ni wa miaka 12. Alimaliza mechi bila kuinua macho, na Jumanne iliyofuata hakuonekana. Tulienda nyumbani kwao, tukakaa na mzee, tukazungumza kwa heshima. Alisema yeye alitaka tu kumtia nguvu. Tunamwamini. Lakini masikio ya mtoto yalisikia kitu kingine. Mwenzake bado hajarudi.

Mtoto akifika nyumbani usianze na "mmeshinda?" Muulize, "Leo ulifanya nini kizuri?" ao mpe chakula kwanza, atasema mwenyewe. Wala usimdanganye kwamba alicheza vizuri kama hakucheza vizuri, anajua. Mwambie kile ulichoona kweli: "Nilikuona umekosa halafu ukasimama tena." Kama kuna cha kusahihisha tuachieni sisi, tunasahihisha kitu kimoja tu, siku ya mazoezi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa upole. Watoto wengine hapa wakisikia mlio wa gongo wanaruka, wanajificha, ao wanaganda kama jiti. Hiyo si woga wa mchezo. Tunajua wote tulikotoka. Mtoto huyo hapana kumlazimisha na hapana kumcheka. Kwetu anashika daftari la kuandika pointi mpaka atakapotaka mwenyewe, na mzazi tunamshauri aende kuongea na washauri kwenye kituo cha afya.

Mechi na wasichana wa shule ya wenyeji ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa mchana. Njooni na maji, na mwavuli kwa wazee. Kushangilia kunaruhusiwa sana, ila mrushaji akishashika mpira, tunyamaze mpaka umetoka mkononi. Na kopo la maziwa lililo karibu na benchi, tafadhali, msiwape wadogo wachezee.