Selimundu, Tiba Mpya na Haki ya Maskini

Desemba 2023, Marekani iliidhinisha tiba mbili za selimundu zinazobadili vinasaba vya seli shina za mgonjwa mwenyewe. Kanisa, katika hati Dignitas Personae ya mwaka 2008, linakubali kimsingi tiba ya namna hii, mradi mgonjwa asihatarishwe kupita kiasi. Kinachotusumbua ni haki: kila moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2, nayo humtaka mgonjwa alazwe na kupewa dawa kali zinazoua uloto wake.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu tiba ya nano: chembe ndogo mno za mafuta, za jamii ile iliyotumika katika baadhi ya chanjo za UVIKO-19, zipeleke dawa hadi kwenye uloto kwa njia ya sindano. Ikifaulu, na bei yake ikiwa ya haki, yaweza kumfikia hata mtoto wa Litembo au Mbamba Bay.

Tuiombee kazi hiyo, lakini tusikae tukingoja. Tuwapime watoto wetu mapema, tuchangie damu, wala tusiseme kamwe kwamba mgonjwa wa selimundu amerogwa. Mwili wake unaoumia ni kiungo cha Mwili wa Kristo.