Tuliyoyaona Tanga

MWISHONI mwa mwezi uliopita mwandishi wa maoni haya alitumwa Tanga kwa kazi ya siku tatu. Alikwenda shingo upande. Kama walivyo watumishi wengi wa Dar es Salaam, alikuwa amekwisha kuuhukumu mji huo kabla ya kuuona: kwamba Tanga ni mji wa mkonge, kwamba mkonge ulipoanguka mji nao ukaanguka, na kwamba kilichosalia ni majengo ya Wajerumani yanayomomonyoka juani. Alifungasha nguo chache, akahesabu siku za kurudi, akapanda basi.

Siku ya tatu alirudi akiona haya. Haya hiyo ndiyo inayotufanya tuandike leo, kwa sababu tunaamini kwamba si yake peke yake.

Asafiriye kwa njia ya Chalinze huiacha barabara ya Moshi pale Segera, akapita Muheza, nchi ya machungwa, na baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 350 huiona bahari. Mgeni wetu aliiona asubuhi, jua likiwa limeitandaza juu ya ghuba nuru isiyoumiza macho. Alikuta barabara pana zilizonyooka na miti ya kivuli. Alikuta baiskeli kila upande: karani na mkoba wake, mwanafunzi na daftari zake, mzee mwenye kanzu nyeupe akiendesha taratibu kama mtu asiyedaiwa. Ngamiani, ambako barabara zimepewa nambari badala ya majina, hakuhitaji kuuliza njia mara mbili. Jioni, upepo wa Raskazone ulimfanya asahau kwamba alikuja kwa kulalamika.

Lakini jambo lililomgusa zaidi halikuwa jua wala bahari. Katika nyumba ya wageni aliyofikia, aliingia bafuni na, kwa mazoea, akatafuta ndoo na pipa la maji ya akiba. Hakuviona. Akatoka kumwuliza mama mwenye nyumba. Mama yule akacheka, akasema, "Fungua bomba tu, mwanangu." Akafungua, maji yakatoka. Yalitoka usiku, yakatoka alfajiri, yakatoka siku zote tatu.

Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi hatulioni hivyo. Maji yale hayatoki kwa bahati. Hushuka kutoka misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki, yakafuata mto Zigi, yakakusanywa katika bwawa la Mabayani, yakasafishwa ndipo yafike mjini. Katika kila hatua hiyo yupo mtumishi ambaye akilala, mji mzima hukauka. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani, yaani iliwaomba wananchi na mashirika waikopeshe Sh. bilioni 53.12 ili ipanue mitambo na mabomba yake na kuilipa kwa miaka kumi. Kiasi kilichoombwa kilitimia na kupita. Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kuikopesha fedha yake ofisi isiyojua kufunga hesabu zake. Fedha ile ilikuwa cheti cha utumishi wa miaka mingi.

Ni vema tukumbuke Tanga imetoka wapi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na kufikia mwaka 1911 reli hiyo ilikuwa imefika Moshi. Kutokana na miche ile 62 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ikavuna zaidi ya tani 230,000.

Lakini mkonge haukujikata wenyewe. Uliokatwa ulikatwa na manamba, watu waliotolewa Songea, Njombe, Kigoma na hata ng'ambo ya mipaka yetu, wakasafirishwa hadi mashambani kwa mkataba na kipande. Wengi hawakurudi makwao. Watoto na wajukuu wao ni sehemu ya watu wa mkoa ule leo, pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju. Kwa hiyo Tanga si mji wa watu wa pwani peke yao. Ni mji uliojengwa kwa jasho la nchi nzima. Ajabu ni kwamba nchi nzima imeusahau.

Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na hatuna budi kukiri kwamba uendeshaji mbovu uliongeza uzito juu ya mzigo ambao soko lilikuwa limekwisha kutupa. Miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Kiwanda cha mbolea kilichoanza kazi miaka ya 1970 kikafungwa, na vingine vikakifuata. Mji uliokuwa umesimama kwa mguu mmoja ulipoteza mguu huo.

Hapo ndipo penye somo. Fedha ilipoondoka, mji haukufa. Haukufa kwa sababu wako waliobaki kazini: fundi wa bomba, mfagiaji wa barabara, mwuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu aliyefundisha darasa la watoto ambao wazazi wao walikuwa wamepunguzwa kiwandani. Watu hao hawakutajwa redioni. Ndio walioushika mji usianguke, na kazi yao ndiyo aliyoikuta mgeni wetu alipofungua bomba.

Hatusemi kwamba Tanga haina matatizo. Yako mageti ya viwanda yaliyoshikwa na kutu. Wako vijana wanaoshinda vibarazani, si kwa uvivu, bali kwa kukosa kazi. Yako majengo ya kale ambayo yasipotengenezwa mapema yatabaki katika picha tu, ingawa Boma la kale lililofanywa makumbusho linaonyesha kwamba kuyaokoa kunawezekana. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa Ngamiani, baada ya kuitikia shikamoo, alimwambia mwandishi wetu: "Mwanangu, msije mkatusifia upepo. Upepo tulikuwa nao hata tulipokuwa na njaa." Tumelipokea onyo hilo.

Tunalipokea kwa sababu neema mpya imekwisha kubisha hodi. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga, mizigo ikashushwa kwa matishali, kwa kuwa kina cha maji kilikuwa kidogo. Serikali imetumia zaidi ya Sh. bilioni 429 kukichimba kina hicho hadi mita 13 na kuimarisha magati. Aidha, Chongoleani, nje kidogo ya mji, ndiko kulikochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Jiwe lake la msingi liliwekwa mkoani humo mwaka 2017.

Haya ni mambo ya kufurahia. Lakini bomba la mafuta huajiri watu wengi linapojengwa, na wachache likisha kujengwa. Tanga imewahi kuutegemea mti mmoja. Isije sasa ikategemea bomba moja. Wapangaji wa mipango, walioko wizarani na walioko mkoani, wajiulize mapema: mapato ya bandari yatarudi vipi katika shule, katika uvuvi, katika kuyasindika machungwa ya Muheza badala ya kuyaacha yaoze msimu ukifika? Mkonge nao, ambao dunia iliyochoshwa na plastiki imeanza kuutazama upya, utauzwa kama singa tu, au utasokotwa hapa hapa uwe kamba, mazulia na magunia? Maswali hayo yaliahirishwa mwaka 1964, wakati fedha ilikuwapo. Gharama ya kuyaahirisha tunaijua.

Sasa tuseme neno na wasomaji wetu, watumishi na walimu. Katika ofisi zetu kuna kasumba ya kuuona uhamisho wa kwenda mkoani kuwa ni adhabu. Mtumishi akipata barua, siku hiyo hiyo huanza kutafuta cheti cha daktari au ndugu mwenye cheo. Mwandishi wetu alikutana Tanga na mwalimu aliyefanya hivyo miaka kumi na mmoja iliyopita. Rufani yake ilikataliwa, akaenda akinung'unika. Leo amejenga Tanga, ameoa Tanga, na alipoulizwa kama angependa kurudi Dar es Salaam alijibu, "Nitafuata nini, ndugu yangu?"

Mfano mkubwa zaidi uko katika vitabu tunavyofundisha. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Watoto wetu humjua kuwa malenga. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa karani wa serikali, aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kama karani ye yote. Aliitumikia serikali ya wakoloni, na heshima aliyopewa kazini haikufika hata robo ya aliyostahili. Lakini hakukitazama kituo cho chote kama jela. Alitazama watu, akasikiliza, akaandika. Lugha yetu imenufaika kwa uhamisho ule.

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja waraka. Mwanafunzi wa Tanga asimalize shule bila kuingia mapango ya Amboni na kusimama penye makaburi na msikiti wa kale wa Tongoni. Na mwanafunzi wa Tabora, Mtwara au Mwanza aonyeshwe vilivyo vyake, ili akiwa afisa asije akautawala mkoa asioujua. Kiongozi apangaye kwa kusikia husaini mambo asiyoyaelewa, na wanaolipa ni wananchi.

Mwandishi wetu alirudi na kikapu cha machungwa na furaha ya mtu aliyekutwa na jambo jema asilolitegemea. Furaha hiyo ni tamu, lakini tuipime vizuri. Mtu hushangaa katika nyumba ya mgeni. Anayeshangaa akiwa katika nyumba yake mwenyewe, hana budi kujiuliza alikuwa wapi siku zote.